Kikombe Cheusi cha Kupimia Maharage

Ninyi mtakaosoma haya, watoto wa watoto wangu na wenzenu mliozaliwa hapa Johannesburg, mnaosemeshwa Kiswahili mkajibu Kiingereza, na mkikasirika mkatukanana kwa Kizulu, someni polepole. Mimi shule niliiacha kabla ya kufika kwenye hesabu za kugawanya. Kusoma nilijifunzia kanisani, na kuandika nilijifunza kwa kunakili nilichosoma. Kwa hiyo msitafute maneno ya kupambwa. Nawaandikia habari za duka ambalo sikuwahi kuliona likiwa wazi, na za kikombe nilichokishika kila siku bila kujua nimeshika nini.

Tulikuwa tunakaa Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mashindano ungesikia watu wakipiga kelele hata ukiwa jikoni. Mwanangu alikuwa mlinzi wa jengo huko mjini. Mke wake alisuka watu nywele sebuleni, na sebule ilijaa nywele za bandia hadi kwenye sukari. Mimi nilikuwa na meza mbele ya geti. Niliuza maharage, karanga, unga wa muhogo, na ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa, kwa sababu mimi ni mtu wa Kalemie, kule Kongo, na sijui kukaa mahali pasipo na harufu yao.

Sisi kwenye meza hatupimi kwa mizani. Tunapima kwa kopo. Na kopo, wajukuu wangu, lina ujanja wake. Wapo wachuuzi wanaoligeuza kopo wakaligonga kitako kwa nyundo, kidogo kidogo, mpaka kitako kinaingia ndani. Ukilitazama kwa juu huoni kitu. Maharage yamejaa, yamefanya mlima, mengine yanamwagika, na mnunuzi anafurahi. Akifika nyumbani akiyamimina kwenye sufuria ndipo anashangaa mlima umekwenda wapi. Mimi nilikuwa na sifa mtaani kwamba kopo langu halikugongwa. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa duka langu, maana maharage kila mtu anayo.

Sasa kikombe.

Ilikuwa mwaka 2015, Jumamosi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walitoa vitu nje wakauza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bibi mmoja wa Kizungu, mzee kunizidi mimi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanaume. Alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, yuko hospitali, na mpwa wake ndiye aliyekuwa akiuza. Nilinunua boksi la vyombo kwa ajili ya sufuria moja tu iliyokuwa na mfuniko wake. Chini ya boksi nikakuta kikombe kimoja cheusi kama masizi, kizito, kina mkono wa kushikia uliopindapinda. Ubavuni kilikuwa na mikwaruzo na vinundu ambavyo nilidhani ni uchafu ulioganda.

Nilikigeuza nikakigonga kitako kwa mpini wa kisu. Hakikubonyea. Kilikuwa kinene. Nikasema, hiki sasa ndicho, hata nikimpa mwizi hawezi kukipunguza tumbo. Tangu siku hiyo nikapimia kikombe hicho.

Wateja walikizoea. Kulikuwa na mama mmoja Mrundi, muuza nguo za mitumba, mdomo wake hauna breki. Alinunua maharage kwangu kila wiki, na kila wiki alikuwa na neno.

"Mama mzee, hiki kikombe ulikirithi kwa mfalme gani?"

"Mfalme wa maharage. Unanunua ama unanihoji kama polisi?"

"Nanunua. Ila mfalme wako alikuwa mchafu, hakuoga."

"Na wewe unakula humo kila wiki. Lete mfuko."

Yule bibi wa Kizungu alirudi kutoka hospitali akitembelea kigari cha chuma, kile cha kusukuma mbele hatua kwa hatua. Nilimwita gogo, yaani bibi, kama wanavyoita hapa, naye aliniita mama. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza. Yeye alikirahisisha kwa ajili yangu, mimi nilikikata nilipokwama, na tukaelewana. Alianza kuja kununua karanga, kidogo tu, apate sababu ya kutoka nje. Mara nyingi nilimfungia karanga mapema nikimwona anakuja. Siku moja mwaka 2016 alinikuta katikati ya kupima. Akasimama. Akaachia kigari chake, akaninyang'anya kikombe, maharage yakatawanyika mezani na chini.

"Gogo, una nini?"

Alikigeuza akatazama kitako. Kisha akanitazama mimi.

"Hiki ulikitoa wapi?"

"Kwako. Kwenye boksi la sufuria. Mpwa wako aliniuzia wakati uko hospitali."

"Mama, mimi nilibatizwa na hiki."

Nikakitazama. "Ulibatizwa humu ndani? Ulikuwa mdogo kiasi gani?"

Akacheka mpaka nikaogopa nyonga yake. Akanieleza kwamba kwao mtoto akibatizwa hupewa kikombe cha fedha, na hiki alipewa na babu yake. Nikamwambia, fedha gani nyeusi hivi? Akasema fedha ikiachwa bila kusuguliwa huwa nyeusi. Mimi ni mtu wa kutaka kuona kwa macho. Nikachota jivu laini kwenye jiko la mkaa, nikalilowesha kwa ndimu, nikasugua mkono wa kikombe kwa kitambaa. Weusi ukatoka. Chini yake pakatokea kichwa, kisha macho, kisha magamba yaliyopangwa moja moja mpaka chini. Mkono ule wote ulikuwa joka. Na ubavuni, vile nilivyodhani ni uchafu vilikuwa watu wadogo wenye kanzu ndefu, miti ya mianzi, na daraja dogo ambalo mtu mmoja alikuwa akilivuka amebeba mwavuli.

Mkwe wangu alitoka ndani na chanuo mkononi. Akaona.

"Shindwa! Mama, iko nyoka kwenye kopo yetu!"

"Umelishika kila siku halijakuuma. Leo limenawa uso ndipo unaliogopa?"

"Mama, tupa hiyo kitu. Watu wa kanisa wakiona watasema nini?"

"Watasema ni safi. Rudi ndani, umemwacha mtu na nusu kichwa."

Siku ile gogo hakuchukua kikombe chake. Nilimwambia achukue, akakataa, akasema kwanza niende kwake jioni nisikilize jambo. Nikaenda. Nikaenda na kesho yake, na wiki iliyofuata pia, maana habari yenyewe ilikuwa ndefu, naye alichoka upesi.

Babu yake, wakati wa ujana, alifanya kazi ya karani kwenye nyumba ya biashara huko Hong Kong, chini ya Waingereza. Aliona Wachina wanavyofua fedha. Walitengeneza vyombo kwa ajili ya Wazungu: mabirika ya chai, visanduku vya kadi, vifungo vya mikanda, vikombe vya watoto. Alipohamia Johannesburg, mji bado mchanga na vumbi tupu, akafungua duka la vito katikati ya mji. Fikirini, mji mzima unachimba dhahabu, naye anakuja kuuza fedha! Gogo alisema hapo ndipo palikuwa na akili yake. Wake wa mabwana wa migodi dhahabu walikuwa nayo. Walichokosa ni vitu vya kuweka mezani wageni wakija. Babu akaagiza masanduku kwa meli, yakaja kwa treni, akavipanga vitu dirishani juu ya kitambaa cha bluu. Wake wale wakaingia. Duka likastawi miaka mingi.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu wakasema ni bati."

Alisema neno hilo kama mtu anayetema mbegu. Mke wa tajiri mmoja alipeleka birika lake kwa fundi mwingine kulitengeneza mdomo. Fundi akaligeuza, akasema halina alama. Fedha ya Kiingereza hugongwa simba mdogo kitakoni, hii haina simba, kwa hiyo hii si fedha, ni bati lililopakwa rangi ya fedha. Neno likazunguka. Watu wakaanza kurudisha vitu, wengine wakavitupa mlangoni pa duka mchana kweupe. Babu akafunga. Alimaliza maisha yake akikata tiketi pale uwanja wa farasi, watu walewale waliokuwa wateja wake wakipita mbele yake bila kumsalimia. Gogo alizaliwa baada ya hapo, lakini aibu ilimsubiri. Shuleni walimwita mtoto wa bati.

"Na yeye babu alisemaje?"

"Hakusema kitu. Mpaka anakufa. Hilo ndilo linalonisumbua. Mtu asiye na kosa si angepiga kelele?"

Nikamwuliza kwa nini maisha yake yote hakupeleka kikombe kwa mtu akipime. Mimi ningekipeleka siku ileile ya kwanza kuitwa jina hilo. Akafuta miwani.

"Mama, alinibeba mabegani kwenda kuona farasi. Ningepima ikawa bati, ningefanya nini naye?"

"Na sasa?"

"Sasa mpwa wangu ananipeleka Randburg, kwenye nyumba ya wazee. Sitarudi hapa. Sitaki kufa bado namwonea haya mtu aliyenibeba. Kama alikuwa mwizi, nijue nimsamehe. Kama hakuwa, nijue nimwombe yeye anisamehe mimi."

Mpwa wake alikuwa amekataa kumpeleka mjini. Alisema, shangazi, hicho ni chuma chakavu, usijichoshe. Basi gogo akaniomba mimi. Nami nitasema ukweli, sikwenda kwa huruma tu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua. Nilikuwa silali vizuri kwa ajili ya yule mtu mdogo anayevuka daraja na mwavuli. Nani alimchonga? Alifikaje kwenye maharage yangu?

Nikamwachia mkwe wangu meza. Akaniuliza, "Mama, nitapimia nini?" Nikamwambia kuna kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, lipo zima, lisuuze. Nikakifunga kikombe kwenye kitenge, nikapanda teksi.

Kwanza nilitafuta lilipokuwa duka. Gogo alinielekeza kona yake, nikahesabu majengo kutoka kwenye roboti, hizo taa za barabarani, nikalipata. Juu lilikuwa bado na madirisha ya zamani yenye mapambo ya saruji. Chini palikuwa na vijana wa Kihabeshi wanauza blanketi, makasha ya simu, na mabegi ya shule yenye picha za katuni. Nikamwuliza kijana wa mlangoni bidhaa zake zinatoka wapi. Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"China, mama. Kila kitu China."

"Hamfichi? Watu wanasema vya China ni vibovu."

"Nifiche kwa nini?"

Nikatazama chini. Kizingiti cha mlango kilikuwa cha shaba, kimelika katikati kwa miguu ya watu mpaka kimekuwa kama sahani. Nikasimama juu yake kidogo. Wake wa mabwana wa migodi walikanyaga hapa wakiingia, na hapahapa wakatupa mabirika yao. Yule kijana akaniambia nisizibe mlango kama sinunui. Nikamwambia sharp, yaani sawa, nikaondoka.

Kwenye ule mtaa wa zamani wa Wachina, upande wa magharibi wa mji, kulikuwa na mzee Mchina anayetengeneza saa na mikufu iliyokatika. Duka lake lilikuwa jembamba kama korido. Nilimwita mkhulu, yaani babu, naye akacheka, akajibu kwa Kizulu safi kuliko cha wajukuu wangu. Nikafungua kitenge.

"Unauza?"

"Siuzi. Nauliza."

"Kwa kawaida watu wanauza kwanza, kuuliza ni baadaye. Unauliza nini?"

"Kama ni fedha ama ni bati."

Alitoa jiwe jeusi, laini, la ukubwa wa kipande cha sabuni. Akakisugua kikombe pembeni ya jiwe mara moja, kwa ule ukingo wa chini usioonekana, pakabaki mstari mwembamba mweupe. Akadondoshea mstari ule tone la dawa kutoka kwenye chupa ndogo. Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia jiwe, akanirudisha nyuma kwa kiganja, akasema itanichoma. Mstari ukageuka mwekundu, wekundu mzito wa damu.

"Fedha," akasema.

"Una hakika?"

"Bati haliwi jekundu hivi. Hii ni fedha, nzuri tu."

Nilitaka kukichukua nikimbie kwa gogo. Lakini yeye alikuwa amekwishakigeuza, amevaa kioo chake cha jichoni. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Nani amekwangua hapa?"

"Si mimi. Mimi napimia maharage tu."

Akainua kichwa. "Unapimia nini?"

"Maharage. Na karanga."

Alicheka mpaka kioo kikamtoka jichoni, akakidaka kwa mkono. Kisha akanisogezea kitako nione. Palikuwa na herufi mbili za Kizungu, za jina la duka, hizo nilikuwa nimeshaziona. Pembeni yake palikuwa na mahali palipobonyea kidogo sana, laini, kama kidole kimebonyeza unga. Nilikuwa nimepapapasa hapo mara nyingi bila kupafikiria. Akaniambia mahali hapo paliwahi kugongwa herufi ya Kichina, jina la karakana iliyofua kikombe, na mtu akaifuta kwa tupa. Si jana, zamani sana, kwa sababu alama za tupa zenyewe zimeshalainika. Alinionyesha kwenye ukingo palipobaki kijimstari kimoja kimepinda, kifupi kuliko punje ya mchele.

"Huo ni mguu wa herufi. Kwingine kote pamekwanguliwa."

"Huwezi kusoma jina?"

"Ukiona mguu mmoja chini ya pazia unaweza kumtaja mwenyewe?"

Nikamsimulia habari yote ya gogo na babu yake. Alisikiliza huku akisugua jiwe lake likawa safi. Halafu akanieleza mambo aliyoambiwa na wazee wake. Zamani hizo Wachina waliletwa hapa kuchimba migodini, wakachukiwa, wakarudishwa. Mke wa bwana mkubwa asingeweka mezani kitu cha Mchina mbele ya wageni. Angeweka kama ameambiwa kimetoka London.

"Basi huyo babu aliwaambia kimetoka London," nikasema.

"Na ili asiumbuke, akafuta jina la waliokitengeneza. Lakini simba wa Kiingereza hakuwa naye. Kitako kikabaki uchi. Mtu akikigeuza haoni Mchina wala Mwingereza. Wewe ungesema ni nini?"

"Ningesema ni bati."

"Ndiyo hivyo."

Nikamwuliza swali la gogo, kwa sababu ndilo lililonileta. "Alikuwa mwizi, ama hakuwa?"

Akakifunga kikombe kwenye kitenge changu, vizuri, akakunja ncha ndani.

"Fedha hakuiba. Aliiba jina. Mwambie huyo mama yote mawili. Usimpe moja."

Nilirudi Turffontein nikakutana na kelele kabla ya kuona meza yangu. Yule mama Mrundi alikuwa amesimama mbele ya geti, kopo la maziwa ameliinua juu, kitako kikitazama mbinguni, anawaonyesha wapita njia kama mhubiri. Mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa meza, kilemba kimemwendea upande.

"Mama mzee, karibu! Njoo uone kopo la nyumba yako, limefunga mkanda!"

"Leta hapa."

Nililishika. Kitako kilikuwa kimeingia ndani, na alama za nyundo zilikuwa mbichi, zinang'aa. Asubuhi nililiacha zima.

"Nilimwambia hata jicho la mtoto linaona," Mrundi akaendelea. "Nimefika nyumbani, nimemimina, sufuria inaniuliza, mengine yako wapi? Eish! Kwa wengine nimezoea. Kwako?"

Mkwe wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kila mtu anafanya. Soko lote. Unga umepanda."

Nilifungua kitenge, nikatoa kikombe, nikampimia yule mama upya maharage yake yote, nikamwongezea viganja viwili vya basela, nyongeza ya bure. Alinyamaza, na yeye kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Nikamwambia mkwe wangu, "Jioni, mume wako akirudi, mtanikuta mezani." Nikaenda kwa gogo na kikombe changu kwapani, bado nina hasira. Njiani nikamfikiria yule babu. Hata yeye labda alisema unga umepanda.

Gogo alikuwa barazani na blanketi miguuni. Nilimwambia kwanza la kwanza. Aliligonga baraza kwa kiganja, akasema, "Fedha!" Akasema tena, "Fedha! Fedha!" mpaka njiwa wakaruka kwenye bati la jirani. Alitaka kumpigia simu mpwa wake. Nikamshika mkono.

"Subiri. Kuna la pili."

Nikampa kikombe, nikachukua kidole chake nikakiweka pale palipobonyea. Nikamwambia. Alikipitisha kidole pale, akakirudisha, akakipitisha tena. Wekundu wa furaha ukamtoka usoni.

"Kulikuwa na tupa ndogo kwenye droo yake," akasema. "Nilikuwa naichezea, nasugulia kucha zangu. Ilikuwa na unga mweupe kwenye meno. Nilidhani ni chokaa."

Tukakaa. Kule uwanjani hapakuwa na mbio siku ile.

"Kama angeacha jina, fundi yule angejua ni fedha," akasema.

"Labda. Au wale wanawake wasingenunua tangu mwanzo."

"Ungefanyaje wewe?"

"Ningeliacha jina, nikauza kidogo."

"Wewe ni mkali, mama."

"Ndiyo."

Akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo ndiyo sababu hakupiga kelele. Angepiga kelele kuwa ni fedha, wangemwuliza imefuliwa na nani."

Hapo nikaona amejibu swali lake mwenyewe. Nilikiacha kikombe mapajani mwake. Aliniuliza sasa nitapimia nini, nikamwambia hilo ni la nyumbani kwangu.

Walimhamisha Randburg mwaka huohuo. Nilikwenda kumwona mwaka 2018. Chumba chake kilikuwa safi, kina dirisha moja, na juu ya kabati la kitanda kilikuwa kikombe kimesuguliwa, joka linang'aa. Ndani yake kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na meno yake.

"Gogo! Fedha ya babu yako!"

"Wewe uliweka maharage," akajibu bila meno, "mimi naweka vya kutafunia maharage."

Alisema kila mhudumu anayeingia humo lazima akigeuze, baada ya kumwaga maji, aweke kidole pale chini. Anawaambia: hiki kilifuliwa na Mchina ambaye babu yangu alimfuta jina, na babu yangu alikuwa mtu mwema kwangu. Anasema yote mawili kwa pumzi moja. Wengine wanadhani akili inamtoka. Haimtoki. Kabla sijaondoka nami nilikigeuza, nikatazama ule mguu mdogo wa herufi. Mpaka leo namfikiria mwenyewe. Alikuwa na watoto? Yule mtu wa mwavuli darajani alikuwa nani, jirani yake, ama yeye mwenyewe akirudi nyumbani kwenye mvua? Sitajua.

Sasa nirudi kwenye jioni ile, maana ndiyo inayowahusu ninyi.

Mwanangu alirudi na sare yake ya kazi, akala. Mkwe wangu alikula kidogo. Baadhi yenu mlikuwapo, mnachezea simu. Niliweka lile kopo lililogongwa katikati ya meza, kitako juu, nikawasimulia habari ya duka kama nilivyowasimulia hapa, kwa kifupi zaidi. Mwanangu akasema, "Mama, lakini hilo ni kopo tu." Mkwe wangu alinyanyuka. Alilichukua kopo, akaingiza kipini cha mwiko ndani, akajaribu kukisukuma kitako kirudi nje. Kikarudi, lakini kikabaki na makunyanzi. Nikamwambia aliache, halitapimia tena. Nikamtuma mwanangu alete kopo lingine dukani, zima, nikaliweka mbele yao wote, nikasema:

"Kuanzia kesho, kopo la nyumba hii mnunuzi aligeuze kwanza kwa mkono wake mwenyewe, alitazame kitako, alipapase, ndipo apimiwe. Hata mtoto aliyetumwa. Hata ndugu wa kanisa. Mtu akiuliza ndagala wametoka wapi, mwambieni wametoka wapi na nani aliwakausha. Na nyundo ya humu ndani, kuanzia leo inakaa chumbani kwangu. Sasa toeni vyombo."